KUYATAFUTA MANENO YA KIINGEREZA KWA HERUFI ZAKE

Herufi za Kiingereza ni 26 tu, na mtoto wa shule huzijua zote kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza darasani. Lakini mwenye kuzijua herufi bado hajayajua maneno, kama vile mwenye rundo la mawe asivyokuwa bado na nyumba. Mawe yale yale fundi mmoja huyajengea ukuta, na mwingine huyajengea kisima. Vivyo hivyo herufi zile zile, zikipangwa hivi, huwa neno moja, na zikipangwa vile, huwa neno jingine kabisa.

Somo hili laeleza jinsi mtu awezavyo kupewa herufi chache, kisha akatafuta maneno ya Kiingereza yaliyomo ndani yake. Wengine huudhani kuwa ni mchezo wa watoto. Naam, ni mchezo, lakini una faida kubwa kwa wale wanaojisomea Kiingereza jioni, baada ya kazi ya shamba au ya kiwanda; maana mtu wa namna hiyo aandikapo barua ya kuomba kazi, herufi moja iliyopotea mahali pake yaweza kuigeuza maana ya sentensi nzima, wala yeye hatakuwapo pale barua inaposomwa apate kueleza alilokusudia.

MFANO WA KWETU KWANZA

Yafaa kuanza na Kiswahili, kwani anayejua njia ya kijijini mwake huielewa upesi njia ya mji wa ugenini. Msomaji na achukue herufi nne hizi: A, I, L, M. Je, ni maneno mangapi yawezayo kuandikwa kwa herufi hizo, kila moja ikitumiwa mara moja tu?

La kwanza ni MALI. La pili ni MILA. La tatu ni LIMA. La nne ni LAMI, ile inayotiwa barabarani. La tano ni IMLA, yaani maneno yanayosomwa na mwalimu ili wanafunzi wayaandike. Herufi nne zimezaa maneno matano.

Ni mipango mingapi iliyowezekana kwa jumla? Hesabu yake ni nyepesi. Mahali pa kwanza paweza kukaa herufi yoyote katika zile nne. Mahali pa pili paweza kukaa yoyote katika tatu zilizobaki. Mahali pa tatu, yoyote katika mbili. Na mahali pa nne hukaa ile ya mwisho. Basi ni 4 mara 3 mara 2 mara 1, yaani mipango 24. Katika hiyo 24, mingi haina maana yoyote, kama MLAI au ILMA. Kazi ya mtafutaji ni kuyatenga maneno ya kweli na yale yasiyo maneno, kama mwanamke apetaye mchele akiziacha chuya.

Watu wa pwani wana mchezo wao wa zamani uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. KITABU huwa BUKITA, na NDUGU huwa GUNDU. Vijana huzungumza hivyo ili mgeni asielewe. Mchezo huo ni mwepesi kwa Kiswahili kwa sababu karibu kila silabi huishia kwa irabu, yaani moja ya herufi A, E, I, O, U. Hata silabi zikigeuzwa, neno hubaki lenye kutamkika.

Kiingereza hakina desturi hiyo. Waingereza huweza kurundika konsonanti nyingi pamoja, na irabu ikawa moja tu. Neno STRENGTH, maana yake nguvu, lina herufi nane, na irabu yake ni moja. Neno RHYTHM, yaani mwendo wa mapigo ya ngoma, halina hata irabu moja katika zile tano. Y ndiyo inayoshika kazi ya irabu. Tena neno QUEUE, yaani foleni ya watu, lina herufi tano, na nne katika hizo ni irabu. Kwa hiyo anayetafuta maneno ya Kiingereza hawezi kutegemea silabi. Sharti azijue tabia za herufi zenyewe.

HERUFI ZILIZO NYINGI NA ZILIZO ADIMU

Tabia ya kwanza ni hii, ya kwamba herufi hazitumiki sawasawa. Katika kila herufi 100 za maandishi ya kawaida ya Kiingereza, E huwa kama 12, T kama 9, na A kama 8. Baada yake hufuata O, I, N, S, H na R. Herufi zilizo adimu kuliko zote ni Z, Q, J na X.

Jambo hili la kuhesabu herufi lina historia ndefu. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika ya kwamba maandishi ya siri yaweza kufumbuliwa kwa kuhesabu ni alama ipi iliyotokea mara nyingi, kisha kuilinganisha na herufi iliyo nyingi katika lugha ile. Maarifa hayo yalianzia katika lugha ya Kiarabu, lakini yafaa kwa lugha zote zinazoandikwa kwa herufi.

Alama za Morse zilizotumiwa kupeleka habari kwa simu zilifuata akili iyo hiyo. Herufi E ilipewa nukta moja tu, na T mstari mmoja tu, ili zile zinazotumika sana zipelekwe upesi. Q, kwa sababu haitumiki sana, ikapewa alama nne.

Wapiga chapa nao waliijua siri hiyo. Mashine iitwayo Linotype, iliyoanza kutumiwa na gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilikuwa na vibonyezo vilivyopangwa kwa kufuata wingi wa herufi. Safu mbili za kwanza upande wa kushoto zilisomeka kutoka juu hadi chini ETAOIN na SHRDLU. Fundi aliyekosea katika mstari alipitisha kidole chake juu ya safu hizo ili aumalize mstari ule upate kutupwa. Lakini mara nyingine ulisahauliwa, nao wasomaji wakashangaa kuona maneno hayo yasiyo na maana katikati ya habari. Gazeti la New York Times liliziacha mashine hizo mwezi wa Julai 1978.

Kisha yuko Alfred Butts, Mmarekani aliyekuwa msanifu wa majengo. Katika miaka ya 1930, wakati kazi zilipokuwa haba mno nchini Marekani, alikosa kazi, akaketi kubuni mchezo wa maneno. Ili ajue atengeneze vipande vingapi vya kila herufi, alihesabu herufi katika kurasa za gazeti. Mchezo huo uliuzwa kwa jina la Scrabble tangu mwaka 1948, chini ya uongozi wa James Brunot. Una vipande 100: E ni 12, lakini J, K, Q, X na Z ni kimoja kimoja tu. Anayetumia E hupata pointi moja, na anayetumia Q au Z hupata 10. Kwani kilicho adimu ndicho chenye thamani.

NJIA YA KUTAFUTA, HATUA KWA HATUA

Mtu akipewa herufi saba na kuanza kuzipanga ovyo ovyo, atachoka bure. Na tuseme amepewa hizi: A, C, E, E, H, R, T. Kama zingekuwa herufi saba zisizofanana, mipango yake ingekuwa 5,040. Kwa kuwa E ni mbili, hupungua na kuwa 2,520. Mtu akiandika mpango mmoja kwa kila sekunde kumi, pasipo kupumzika wala kula, atamaliza baada ya saa saba kamili. Ni nani mwenye nafasi hiyo? Basi hapana budi kufuata utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kutenga irabu na konsonanti. Hapa irabu ni A, E, E. Konsonanti ni C, H, R, T. Irabu ni tatu na konsonanti ni nne. Ni hesabu nzuri, maana maneno mengi ya Kiingereza huzichanganya karibu sawasawa.

Hatua ya pili ni kutafuta herufi zilizo marafiki, zile zipendazo kukaa pamoja. Marafiki wakubwa ni TH, CH, SH, CK, NG, PH, WH na QU. Hapa C na H zipo, nazo aghalabu huungana. T na H pia zaweza kuungana. Msomaji na aandike CH kando, kisha TH kando, apate kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu ni kutazama mkia wa neno. Waingereza wana mikia yao wanayoirudia sana: ING, ED, ER, EST, LY, NESS, MENT, TION, na S ya wingi. Mkia wa ER mara nyingi humtaja mtendaji, kama vile kiambishi M kifanyavyo mbele ya neno la Kiswahili: FARM ni kulima, FARMER ni mkulima. Hapa E na R zipo. Basi ziwekwe mwisho, nazo zinazobaki ni A, C, E, H, T.

Hatua ya nne ni kutazama kichwa cha neno. Vichwa vya kawaida ni UN na DIS, vyenye kukanusha. RE, yenye maana ya kurudia. Na PRE, yenye maana ya kutangulia. Katika mfano huu vichwa hivyo havihitajiki, ingawa R na E zipo.

Hatua ya tano ni kuziandika herufi zilizobaki katika duara, wala si katika mstari. Jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto kwenda kulia huyashika maandishi yaliyo katika mstari kana kwamba tayari ni neno, nalo hukataa kuyaona mengine. Katika duara halina mwanzo wala mwisho, likawa huru.

Sasa A, C, E, H, T katika duara, CH ikiwa pamoja, hutoa TEACH, yaani kufundisha. Hurudishwa mkia wake, nalo jibu latoka: TEACHER, mwalimu. Lakini msomaji asiweke kalamu chini upesi. CH iyo hiyo ikitangulizwa mbele hutoa CHEAT, yaani kudanganya, na pamoja na mkia wake huwa CHEATER, mdanganyifu. Tena pasipo mkia ule wa ER liko neno la tatu, HECTARE, kile kipimo cha shamba kiitwacho hekta. Mwalimu, mdanganyifu na hekta ya shamba, wote wametoka katika herufi saba zile zile!

HERUFI ZILIZOSHIKANA NA ZILIZOTAWANYIKA

Yako maswali ya namna mbili, na wengi huyachanganya. Swali moja husema: Tafuta maneno yenye herufi hizi zikiwa zimeshikana kwa mfuatano huu. Jingine husema: Tafuta maneno yenye herufi hizi popote zilipo.

Mfano ni G, H, T. Zikiwa zimeshikana, yatapatikana maneno NIGHT, usiku, LIGHT, mwanga, EIGHT, nane, FIGHT, kupigana, BOUGHT, alinunua, na DAUGHTER, binti. Zikiwa zimetawanyika, yatapatikana THING, kitu, LENGTH, urefu, GATHER, kukusanya, na TOGETHER, pamoja.

Mwanafunzi huuliza: Kwa nini GH yaandikwa katika NIGHT, na hali haitamkwi? Sababu yake ni kwamba zamani ilitamkwa. Waingereza wa kale walikuwa na sauti iliyotoka kooni, iliyo karibu na ile KH wanayoitamka watu wa pwani katika neno kheri. Waandishi waliokuja baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066 walizoea kuiandika sauti hiyo kwa GH. Baadaye ulimi uliiacha, lakini mkono ukaendelea kuiandika. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, hata leo huitamka katika neno lao la usiku, NACHT. Basi GH katika NIGHT ni kama gofu la nyumba ya kale: hakai mtu ndani yake, lakini laonyesha ya kuwa palikaliwa.

Kadhalika Q. Katika Kiingereza Q haipendi kutembea bila U, kama QUEEN, malkia, na QUESTION, swali. Maneno yavunjayo kanuni hiyo ni machache, na mengi yake ni ya kigeni. Moja ni QAT, jina la majani yale ambayo Wakenya huyaita miraa. Mchezaji wa Scrabble aliyebaki na Q bila U hulikumbuka neno hilo kwa furaha kubwa.

MANENO MAPACHA YALIYO NA HATARI

Sasa ni lazima kuitaja sehemu iliyo nzito katika somo hili. Yako maneno ya Kiingereza yaliyo na herufi zile zile, tena yaliyokaribiana mno kwa sura, na mwanafunzi huyaandika moja badala ya jingine asijue amekosa.

FORM ni fomu ya kujazwa. FROM ni kutoka. QUIET ni kimya. QUITE ni kabisa, au kiasi cha kutosha. DAIRY ni mahali pa kazi ya maziwa; DIARY ni daftari ya kuandikia mambo ya kila siku. TRIAL ni kesi mahakamani, au jaribio. TRAIL ni njia ya miguu, au nyayo zifuatwazo porini. ANGEL ni malaika. ANGLE ni pembe. SACRED ni takatifu. SCARED ni mwenye kuogopa.

Mfugaji akiandika kuuliza bei ya maziwa, akaipeleka barua yake kwa meneja wa DIARY, meneja atacheka, lakini labda ataelewa. Chama cha ushirika kikiandika ya kwamba wanachama wake ni UNITED, maana yake wameungana. Herufi mbili zikibadilishana mahali, I na T, neno huwa UNTIED, maana yake wamefunguliwa kamba, kila mmoja yuko mbali na mwenzake. Ni kinyume cha kile walichokusudia kusema, wala hapana herufi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa.

Wengine husema ya kwamba siku hizi kompyuta na simu za mkononi husahihisha makosa ya maandishi. Ni kweli ya kuwa mashine huweka alama chini ya neno lisilojulikana. Lakini mashine ya namna hiyo kazi yake ya kwanza ni kulitazama neno kama limo katika orodha yake. FROM imo na FORM imo. DIARY imo na DAIRY imo. Hata zile zinazojaribu kuipima sentensi nzima hukosa mara nyingi. Mwandishi mwenyewe ndiye ajuaye alilotaka kusema, kwa hiyo yeye ndiye atakiwaye kuwa macho.

DAFTARI YA UFUNGUO

Kamusi ya kawaida hupanga maneno kwa herufi yake ya kwanza. Ile kubwa kuliko zote za Kiingereza katika zama zake, Oxford English Dictionary, ilianza kutolewa sehemu moja moja mwaka 1884, ikakamilika mwaka 1928, na ndani yake mlikuwa na maneno zaidi ya 400,000. Mhariri wake mashuhuri, James Murray, alifariki mwaka 1915 kabla ya kuiona imekwisha. Hata hivyo kamusi kubwa kama hiyo haimsaidii upesi mtu mwenye herufi mkononi asiyejua ipi ni ya kwanza.

Dawa yake ni daftari ya ufunguo, na kila mtu aweza kujitengenezea kwa daftari ya shule na kalamu. Kila apatapo neno jipya, kwanza azipange herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. Huo ndio ufunguo wa neno lile. Ufunguo wa NIGHT ni GHINT. Ufunguo wa THING nao ni GHINT. Basi yote mawili yataandikwa katika mstari mmoja, mbele ya ufunguo mmoja. Ufunguo OPST hukusanya maneno sita: STOP, simama; POST, nguzo au posta; SPOT, doa; POTS, vyungu; TOPS, vilele; na OPTS, huchagua. Ufunguo AELST hukusanya LEAST, kidogo kuliko vyote, SLATE, kibao cha kuandikia, STALE, kilichopoteza ubichi wake kama mkate wa siku nyingi, STEAL, kuiba, na TALES, hadithi.

Akipewa herufi zozote, mwenye daftari hiyo huzipanga kwa alfabeti, hufungua ukurasa wake, na majibu humngoja pale. Programu za kompyuta zitafutazo maneno kwa dakika moja, au hata chini ya hapo, aghalabu hutumia njia iyo hiyo. Mashine haikupewa busara kuliko mtu. Ilipewa mbio tu.

Faida kubwa ya daftari ni kwamba maneno mapacha hukaa pamoja. Anayeandika FROM ataiona FORM kando yake, na kuanzia siku hiyo atajua ya kuwa pana shimo njiani.

KAZI ILIYOFANYWA WAKATI WA VITA

Asidhani mtu ya kwamba ustadi huu ni wa kupitishia wakati tu. Fumbo la kwanza la maneno yanayokatana katika vijisanduku lilitungwa na Arthur Wynne, nalo lilitolewa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mchezo huo ulienea upesi, na gazeti la The Times la London lilianza kuutoa mwaka 1930.

Mwezi wa Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, gazeti la Daily Telegraph la London liliwakaribisha wasomaji wake washindane kulifumbua fumbo kwa muda wa dakika 12. Baadhi ya walioshindana walipokea barua za serikali baadaye, wakaitwa kwenda kufanya kazi Bletchley Park, mahali pa siri palipofumbuliwa maandishi ya adui. Katika mwaka ule ule wa 1942, kundi la wafumbuzi wa Kiingereza lililokuwa Colombo lilihamishiwa Kilindini, Mombasa, na kukaa katika shule ya Allidina Visram, likazifumbua habari za siri za manowari za Kijapani. Mwaka 1943 likarudi Colombo. Watu wa Mombasa walipita mlangoni kila siku wasijue lililokuwa likitendeka ndani.

HERUFI SI LUGHA

Mwisho, lipo onyo moja. Mwezi wa Julai 1999 haukumfaa mtu kuliko mwezi mwingine kwa kujifunza. Kila mwezi wafaa, bali la kutazama ni ajifunzalo. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya lugha ya Kifaransa, na hali hajui kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amezikariri orodha za maneno kutoka katika kamusi. Mwaka 2024 alifanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Ni ustadi wa ajabu, wenye kustahili sifa. Lakini mtu wa namna hiyo akitaka kununua mkate Paris, maneno yake elfu nyingi hayamsaidii, kwa kuwa aliyabeba herufi akaziacha maana.

Mwaka huo huo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alishinda mashindano ya dunia ya Kiingereza yaliyofanyika Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kupata ushindi huo. Kiingereza hutumika shuleni na ofisini nchini kwake, naye akawashinda hata wale waliozaliwa katika nchi za Waingereza. Basi hapana sababu ya mtu kujidharau kwa kuwa alianza kwa lugha nyingine nyumbani kwao.

Yafaa kila neno lipatikanalo kwa herufi lifuatwe na mambo mawili: maana yake itazamwe katika kamusi, na sentensi moja iandikwe kwa neno hilo. Neno lisilotungiwa sentensi ni kama jembe jipya lililotundikwa ukutani.

MAZOEZI

1. Kwa herufi D, S, T, U, Y, tafuta maneno mawili.
2. Kwa herufi A, E, H, R, T, tafuta maneno mawili.
3. Kwa herufi E, I, L, N, S, T, tafuta maneno matatu.
4. Tafuta maneno matatu yenye herufi K, R, W popote zilipo.
5. Tafuta neno lenye irabu zote tano, kila moja mara moja tu, ambalo kila mzazi humtakia mtoto wake.
6. ELEVEN PLUS TWO ni kumi na moja na mbili. Zipange upya herufi zote 13 upate hesabu nyingine yenye jumla ile ile.

MAJIBU

1. STUDY, kujifunza, DUSTY, yenye vumbi.
2. EARTH, dunia au udongo; HEART, moyo.
3. LISTEN, kusikiliza, SILENT, kimya, ENLIST, kujiandikisha jeshini. Mwenye kukaa SILENT ndiye awezaye ku-LISTEN.
4. WORK, kazi, WALKER, mtembezi, WRECK, mabaki ya chombo kilichovunjika. Yako na mengine.
5. EDUCATION, elimu.
6. TWELVE PLUS ONE, kumi na mbili na moja. Herufi ni zile zile 13, na jumla ya kila hesabu nayo ni 13.